Sera za London, Malisho ya Korbesa

Vyuo vikuu vya umma vya Uingereza huandaa mara kwa mara mijadala ya hadhara kuhusu changamoto za sera za serikali yao: misaada kwa nchi za nje, ulinzi, tabianchi, uhamiaji na urithi wa ukoloni. Mijadala hiyo hufanyika London, Oxford, Brighton na kwingineko, lakini sera zenyewe huvuka bahari. Baadhi hufika Korbesa, makazi ya wafugaji Waborana katika eneo la Merti, Kaunti ya Isiolo, kwenye bonde la mto Ewaso Nyiro, ambalo wenyeji huliita Waso. Kwa zaidi ya karne moja maisha ya bonde hilo yameguswa na sheria, mipaka, majeshi na fedha zilizoamuliwa London. Kwa sababu hiyo swali la nani anaalikwa kuijadili sera ya Uingereza, na mbele ya nani, linawahusu pia wachungaji wa ngamia wa Waso.

Jopo linavyoendeshwa

Muundo wa mijadala hii hautofautiani sana kutoka chuo kimoja hadi kingine. Msimamizi hufungua kikao, wanajopo watatu au wanne hupewa dakika chache kila mmoja, kisha ukumbi hupewa nafasi ya kuuliza. Aghalabu jopo huwa na profesa aliyelitafiti jambo lenyewe, ofisa wa zamani wa serikali, mbunge au mshauri wa chama, na mwakilishi wa shirika lisilo la kiserikali. Milango huwa wazi kwa yeyote anayetaka kuhudhuria, awe mwanafunzi au mkazi wa mtaa.

Vyuo vina sababu mbili kubwa za kuendesha vikao hivyo. Ya kwanza ni wajibu: vingi vinaendeshwa kwa sehemu na fedha za walipa kodi, na jamii inatarajia maarifa yarudi kwake. Ya pili inatokana na namna vyuo vinavyopimwa. Tangu tathmini ya kitaifa ya utafiti ya mwaka 2014, vyuo vya Uingereza hupewa alama pia kwa athari ya utafiti nje ya kuta zao. Athari hiyo ilipewa asilimia 20 ya alama mwaka 2014 na asilimia 25 katika tathmini ya 2021. Mtafiti ambaye kazi yake imebadilisha sera ya wizara hukiletea chuo chake heshima na fedha, na mjadala wa hadhara ni njia mojawapo ya kuifikisha kazi hiyo kwa watunga sera. Kamati za Bunge la Uingereza, ikiwamo ile ya Maendeleo ya Kimataifa, nazo huwaita wasomi hao kutoa ushahidi.

Mjadala wa aina hii hauna mamlaka ya kuamua. Nguvu yake ni kuweka ushahidi mezani mbele ya umma, kumlazimisha anayeitetea sera atoe sababu zake, na kuacha kumbukumbu ambayo baadaye itamsaidia mbunge, mwandishi wa habari au wakili.

Sera zilizochora ramani ya Waso

Sera za Uingereza zilianza kuigusa nchi ya Isiolo tangu mwanzo wa utawala wa kikoloni. Sheria ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za pembezoni iliipa serikali uwezo wa kulifunga eneo, watu wasiingie wala kutoka bila kibali. Sheria nyingine ya 1934 kuhusu wilaya maalumu iliwapa maofisa mamlaka mapana ya kukamata watu, kuzuia mienendo yao na kuwapangia mahali pa kukaa. Wilaya ya Mpakani Kaskazini, iliyojulikana zaidi kwa kifupisho cha NFD, iliendeshwa kwa sheria hizo hadi miaka ya mwisho ya ukoloni.

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliweka mstari wa kutenganisha malisho ya Wasomali na ya Waborana, na Waborana wengi waliokuwa wakilisha upande wa Wajir walihamia bonde la Ewaso Nyiro. Hao ndio chimbuko la jamii inayojiita Waborana wa Waso, na Korbesa ni sehemu ya nchi yao. Mstari uliochorwa ofisini uliamua ni kisima gani kitanyweshea mifugo ya nani.

Uingereza haikukosa mijadala ya kitaaluma kuhusu utawala huo. Mwaka 1937 na 1938 Chuo Kikuu cha Oxford kiliandaa kozi za kiangazi za utawala wa makoloni, kwa juhudi za msomi Margery Perham, ambapo maofisa waliokuwa likizoni walikaa pamoja na maprofesa kuzungumzia kodi, mahakama na uongozi wa wenyeji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafunzo ya maofisa wapya yalitolewa Oxford, Cambridge na London. Fikra nyingi kuhusu Afrika zilipevuka katika kumbi hizo, na baadhi ya washiriki waliukosoa ukoloni kwa dhati. Hata hivyo mfugaji aliyekuwa akiomba kibali ili kuvusha mifugo yake hakuwa na kiti katika mijadala hiyo. Habari zake zilifika kupitia ripoti ya mkuu wa wilaya.

Tume ya 1962

Tukio linalokaribia zaidi mjadala wa hadhara wa sera ya Uingereza katika nchi ya Isiolo lilitokea mwaka 1962. Kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, wajumbe kutoka NFD walitaka eneo lao litengwe na Kenya kabla ya uhuru ili liweze kuungana na Somalia. Viongozi wa vyama vya Kenya walikataa kuigawa nchi. Waziri wa Makoloni, Reginald Maudling, aliahidi kuunda tume huru ya kutafuta maoni ya wananchi wenyewe.

Tume ilikuwa na watu wawili: wakili wa Nigeria, G. C. M. Onyiuke, na jenerali wa Kanada, M. P. Bogert. Kuelekea mwisho wa mwaka huo walizunguka wilaya sita, yaani Isiolo, Garissa, Wajir, Mandera, Moyale na Marsabit. Walifanya mabaraza ya wazi, wakapokea ujumbe wa makundi mbalimbali na kusoma maandishi waliyokabidhiwa. Kwa utaratibu, ilikuwa kazi ya kuheshimika: wageni wasio na maslahi ya moja kwa moja waliwasikiliza watu kwenye makazi yao. Ripoti yao ilionyesha kwamba wakazi wa maeneo ya Wasomali, ambao ni sehemu kubwa ya NFD, walitaka kujitenga. Ilionyesha pia kwamba wengine walitaka kubaki Kenya, na kwamba katika maeneo mengine, Isiolo ikiwamo, maoni yaligawanyika.

Machi 1963 waziri aliyemfuata Maudling, Duncan Sandys, alitangaza uamuzi wa London. Kungeundwa jimbo la saba, Kaskazini Mashariki, ndani ya Kenya. Isiolo iliachwa katika Jimbo la Mashariki. Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huo huo. Waliokuwa wamesimama barazani kutoa maoni hawakurudiwa na tume wala waziri kuelezwa kwa nini maoni hayo yalisikilizwa kisha yakawekwa kando.

Gharama ilikuwa kubwa. Tarehe 28 Juni 1963 mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, na chifu Haji Galma Dido waliuawa karibu na Modogashe. Desemba mwaka huo, wiki mbili hivi baada ya uhuru, serikali mpya ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vya Shifta vilivyofuata, kati ya serikali na waasi waliotaka kujitenga, vilidumu hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Waborana wa Waso walikusanywa katika kambi, zikiwamo za Merti na Garba Tula. Mifugo mingi iliuawa kwa risasi, ikatwaliwa au ikafa kwa kukosa malisho, na familia zilizokuwa na makundi ya ngamia zikabaki mikono mitupu. Wazee wa Isiolo wanakiita kipindi hicho Gaf Daba. Sheria ya kinga ya mwaka 1970 iliwaziba mdomo mahakamani waliotaka kudai haki kwa mateso ya miaka hiyo, na ilibidi wasubiri ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ili masaibu yao yaingie katika kumbukumbu rasmi za taifa.

Historia ya 1962 inafundisha kwamba kusikiliza ni nusu tu ya mjadala. Nusu ya pili ni kurudi kwa waliosema na kuwapa jibu lenye sababu, hata kama jibu hilo linauma.

Wasomi mbele ya mahakama

Upo mfano wa upande wa pili, ambapo kazi ya vyuo vikuu iligeuza msimamo wa serikali ya Uingereza kuhusu Kenya. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau walifungua kesi London. Wanahistoria watatu, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, waliisaidia mahakama kwa ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 2011 ilidhihirika kwamba serikali ilikuwa imehifadhi katika kituo chake cha Hanslope Park maelfu ya majalada ya makoloni ambayo umma haukuwahi kuyaona. Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alieleza bungeni masikitiko ya serikali na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9, yakiwamo fidia ya walalamikaji 5,228.

Kwa miaka mingi kabla ya hapo utafiti juu ya kambi hizo ulikuwa ukijadiliwa, kupingwa na kutetewa katika semina na machapisho ya vyuo. Kilichoupa uzito mahakamani ni kwamba ulikutana na ushuhuda wa wazee wenyewe. Maandishi ya kumbukumbu na sauti ya aliyeumizwa viliungana, na serikali ikalazimika kujibu.

Karibu zaidi na Isiolo, jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi ya kivita Archer's Post, kando ya Ewaso Nyiro katika Kaunti ya Samburu. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wasamburu na Wamasai 233 waliojeruhiwa au kufiwa na jamaa kutokana na mabomu yaliyoachwa malishoni. Mwaka 2024 kamati ya ulinzi ya Bunge la Kenya iliwasikiliza wananchi Nanyuki kuhusu mwenendo wa jeshi hilo. Sera ya ulinzi inayozungumzwa London kama suala la utayari wa wanajeshi, kaskazini mwa Kenya huwa suala la mtoto aliyeokota chuma kisichojulikana.

Fedha za misaada na kamati za wadi

Sera nyingine ya Uingereza inayojadiliwa sana vyuoni, kuhusiana na nchi kama Kenya, ni ya misaada. Sheria ya 2015 iliweka lengo la asilimia 0.7 ya pato la taifa. Septemba 2020 wizara ya maendeleo ya kimataifa, DFID, iliunganishwa na wizara ya mambo ya nje. Mwaka uliofuata misaada ilishushwa hadi asilimia 0.5, na Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kwamba itafika asilimia 0.3 ifikapo 2027 ili fedha zielekezwe kwenye ulinzi.

Isiolo inajua misaada hiyo inaweza kufanya nini inapopangwa vizuri. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, kaunti hiyo ilikuwa ya kwanza nchini kujaribu mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, kwa fedha za DFID. Asilimia 70 ya fedha za mfuko ziliwekwa chini ya uamuzi wa wadi, asilimia 20 ngazi ya kaunti, na zilizobaki zikagharimia usimamizi. Kamati za wadi zilichaguliwa na wananchi, nazo zikaitisha mikutano kuuliza kila jamii ni mradi gani utakaoisaidia kuvuka kiangazi.

Majibu yalikuwa tofauti na ambayo mtaalamu wa mbali angetarajia. Pamoja na visima na mabwawa ya mchanga, wafugaji waliomba fedha za kuimarisha dedha, baraza la wazee wa Waborana linaloamua ni malisho yapi yatumike wakati wa mvua, yapi wakati wa kiangazi, na yapi yaachwe kama akiba ya ukame. Waliomba mafuta ya gari na gharama za mikutano ili wazee wafike mbali na kukubaliana na majirani. Kwa mtazamo wa ofisini, mkutano wa wazee si mradi. Kwa mfugaji, nyasi zilizolindwa hadi mwezi wa mwisho wa ukame ndizo zinazookoa ng'ombe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Chuo kikuu nacho kilishiriki. Wataalamu wa taasisi ya GeoData ya Chuo Kikuu cha Southampton walisaidia kutengeneza ramani za kidijitali za rasilimali za Isiolo pamoja na wafugaji. Picha za setilaiti zilionyeshwa ukutani, na wenyeji wakataja mahali pa visima, njia za mifugo, aina za nyasi na mipaka ya malisho ya kila msimu. Mjadala wa aina hii ulimweka mwenye maarifa ya nchi yake katika nafasi ya mtaalamu.

Mfumo huo ulienezwa Garissa, Kitui, Makueni na Wajir, na baadaye ukawa msingi wa mpango wa kitaifa unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wanajopo wa Uingereza wanapobishana kama misaada ina tija, mfano wa Isiolo unastahili kutajwa kwa ukamilifu: fedha hazikuwa nyingi, na kilichozipa tija ni kuwaachia wenyeji uamuzi.

Utafiti uliofika Korbesa

Kati ya 2017 na 2023 Taasisi ya Masomo ya Maendeleo, IDS, iliyo katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Sussex, iliongoza pamoja na Chuo Kikuu cha Ulaya cha Florence utafiti wa namna wafugaji wa nchi sita wanavyoishi na mambo yasiyotabirika. Isiolo iliwakilisha Kenya. Mtafiti Mkenya, Tahira Mohamed, alifanya kazi yake ya uzamivu huko, Kinna na Korbesa zikiwa maeneo aliyoyachunguza.

Sera nyingi za ukame huchukulia kwamba mfugaji husubiri msaada wa nje. Utafiti huo ulionyesha kwamba msaada wa kwanza hutoka karibu: jamaa humwazima aliyefilisika ng'ombe wa maziwa, ukoo huchanga mifugo kumrudisha aliyepoteza kundi lake, zaka hugawiwa maskini, wanawake hupelekeana chakula na maziwa, na simu na pikipiki huunganisha kambi za mbali na mji. Mitandao hii ilibeba mzigo mkubwa katika miaka ya nzige, UVIKO-19 na ukame uliotokana na misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mijadala ya London. Bajeti ya misaada inapopungua, mpango unaoijua mitandao ya Korbesa unaweza kuitegemeza kwa fedha kidogo. Mpango usioijua unaweza kuidhoofisha, kwa mfano kwa kuzipa familia chache msaada wa pesa katika jamii ambayo desturi yake ni kugawana.

Sheria ya Kenya inavyodai

Kenya yenyewe imeupa mjadala wa hadhara nguvu ya kisheria. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na vifungu vya 118 na 196 vinalibana Bunge na mabunge ya kaunti kuwahusisha wananchi katika kazi zao. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii za Isiolo, Biliqo-Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, na miongoni mwa sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu hiyo inaonya kila mfadhili, awe wa Uingereza au wa kwingine, kwamba mkutano wa kutia saini hautoshi.

Waborana hawakusubiri katiba ili kujua hilo. Katika dedha na katika mikutano ya kisimani, anayeguswa na uamuzi hupewa nafasi ya kusema, mabishano huendelea hadi makubaliano yapatikane, na uamuzi hutangazwa kwa wote wanaopaswa kuutii. Wanawake na vijana wamekuwa na sauti ndogo katika mabaraza ya jadi, na kamati za wadi za mfuko wa tabianchi zilisaidia kulirekebisha hilo kwa kuwatengea viti.

Masharti ya mjadala wenye manufaa

Kutokana na mifano hii, mjadala wa chuo kikuu kuhusu sera ya Uingereza inayogusa nchi nyingine unahitaji mambo manne. La kwanza ni kiti: anayeishi na matokeo ya sera awe mwanajopo, kwa njia ya mtandao ikibidi, na asiachiwe dakika ya mwisho ya maswali. La pili ni lugha: tafsiri ya Kiborana au Kiswahili iandaliwe, kwa kuwa mzee anayeijua historia ya malisho kwa kina huenda hajui Kiingereza. La tatu ni ushahidi wa pande zote, kumbukumbu za serikali zikisomwa sambamba na maelezo ya wenyeji, kama ilivyokuwa katika kesi ya Mau Mau. La nne ni jibu: waliochangia waelezwe mchango wao ulifika wapi na umebadilisha nini.

Vyuo vikuu vya umma vya Kenya vina nafasi ya pekee katika kazi hii. Vina watafiti waliozaliwa Isiolo, Marsabit na Wajir, wanaozungumza lugha za huko, na viko karibu na kaunti zinazohusika. Mjadala unaoandaliwa kwa pamoja na chuo cha Kenya na cha Uingereza, kikao kimoja kikifanyika Merti na kingine London, ungewakutanisha watunga sera na watu wanaoibeba sera hiyo. Wafugaji wa Korbesa wana maarifa ambayo serikali zote mbili zinayahitaji katika miaka ya ukame na bajeti finyu, na wana haki ya kusikilizwa na kujibiwa.